Baba Alikuwa Kwenye Kundi la Watu Safi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, kwenye meza ya Mama.
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo, pamoja na yule mdogo wangu Kifungo ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Mgongo wako umepona? Mara ya mwisho ulisema unalala chali kama meza iliyopinduliwa, tukacheka, lakini baadaye nilikuonea huruma. Na baridi ya huko mmeizoea? Mama Mdogo bado anavaa soksi mbili mbili? Ukitaka kujua juu yangu, mwili wangu haujambo. Hayo mengine nitayafikia, nipe muda kidogo.

Kwanza unisamehe kwa ile simu. Nilikuuliza kama huko mvua inanyesha, ukasema hapana. Nikauliza tena. Ukaniambia, "Kimya, siku hizi umeajiriwa kutabiri hali ya hewa?" Nikauliza mara ya tatu, halafu nikakata. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba na maneno nimeyapanga vizuri kabisa, lakini uliposema "Haloo, mwanangu," yote yakanitoroka. Unajua nilivyo. Darasani mwalimu akitaja jina langu tu, jasho linanitoka mpaka viganjani. Karatasi afadhali, hainikodolei macho.

Kuna jambo moja la ajabu nimeligundua. Sayansi tunasoma kwa lugha ya shule, na haya nitakayokwambia niliyasikia kwanza kwa lugha hiyo, kwa sababu Mama na daktari walikuwa wanaitumia mbele yangu wakidhani siwafuatilii. Kwa lugha ile yalikuwa kama somo tu. Ningeweza kuyanakili, nikayapigia mstari, nikageuza ukurasa. Siku nilipojaribu kuyasema kwa lugha yetu, tena kichwani tu, nikifagia uani, ndipo nikalia mpaka ufagio ukaniponyoka.

Baba anaumwa.

Najua umeambiwa ni uchovu wa kusahihisha mitihani. Si uchovu. Ni damu. Ule uboho ulio ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, umeharibika. Unatoa chembe chache, na katika hizo chache nyingine ni changa, hazijakomaa, haziwezi kazi. Daktari anasema hali hii ikiendelea itageuka kuwa saratani ya damu yenyewe, na haoni dalili kwamba itasubiri sana. Hivi ninavyokuandikia wamekwenda hospitali, yeye na Mama, kuongezewa damu. Akirudi atakuwa na rangi mashavuni, atanitania, atataka kula. Baada ya wiki mbili hivi inaisha, anaanza tena kupumzika katikati ya ngazi akijifanya anaangalia ndege.

Sasa nikueleze ilivyojulikana, kwa sababu hiyo ndiyo inayonikaba.

Kazi ya Mama unaijua. Wewe ndiye uliyempa jina la Shemeji Mbu, na hata wenzake maabara walilisikia wakalipenda. Lakini uliondoka kabla mambo hayajawa makubwa. Alianza akiwa msichana wa kuosha vyombo vya maabara, akasoma, akaenda mbali akasoma tena, akarudi na swali moja: ile dawa ya kuyeyushia gundi, inayotumika kwenye kiwanda cha viatu, inafanya nini ndani ya damu ya wanaoivuta kila siku? Swali la pumzi moja, nalo limemla miaka yote ya umri wangu na zaidi. Mwanzo alitumia panya. Halafu chembe alizozikuza kwenye visahani. Halafu akasema panya hawana zamu ya asubuhi wala watoto wa kusomesha, akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda.

Wenye kiwanda walimfungia. Wafanyakazi ndio waliomfuata, mmoja mmoja, saa ya chakula, wanakunja mikono ya mashati kwenye kiti cha kinyozi ng'ambo ya barabara, na kinyozi mwenyewe anashika taa. Mama mmoja mshona soli alimwambia, "Chukua, dada, hata chupa nzima, ila usiniletee habari mbaya siku ya mshahara." Mama hupenda kukisimulia kisa hicho. Husimulia akicheka, halafu anaondoka mezani.

Mwaka juzi aliitwa mbele ya wakubwa wanaotunga sheria za viwanda. Alibeba majedwali yake yote. Bwana mmoja mwenye miwani ya kusomea alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Daktari, unaweza kuapa juu ya mtu mmoja tu, mwenye jina na sura, kwamba ni dawa hii iliyomwua?" Mama akasema hawezi. Juu ya watu mia anaweza kuonyesha kwamba wanaougua ni wengi kuliko inavyopasa. Juu ya mmoja hawezi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuugua ugonjwa huohuo bila kuwahi kusikia harufu ya gundi. Yule bwana akashukuru, akafunga jalada. Mama alirudi nyumbani akashusha mapazia yote akayafua, na yalikuwa safi.

Kuna namna yake ya kufanya kazi ambayo lazima uielewe. Ili asijidanganye, Mama huwa hajui anaangalia damu ya nani. Kila tone linapakwa kwenye kipande cha kioo, na fundi wa maabara, yule mrefu mpole tunayemwita Bwana Namba, anabandika namba. Yeye peke yake ndiye anayejua namba ipi ni ya nani. Mama anainamia hadubini, anahesabu chembe, anaandika. Vioo vyote vikishakwisha ndipo Bwana Namba anafungua majina. Nusu ni watu wa kiwanda. Nusu nyingine ni watu ambao hawajawahi kugusa ile dawa, wa kulinganisha nao. Mama anawaita watu safi.

Lakini watu safi ni adimu. Nani atakubali kuchomwa sindano na haumwi? Basi watu safi tukawa sisi. Mama mwenyewe, Baba, walimu wenzake Baba, na mimi tangu nilipofika darasa la tano. Wewe tu ndiye uliyekataa. Baba bado anahadithia ulivyopitia dirisha la jikoni ukaacha kiatu kimoja ndani. "Mwanamume ana ndevu," anasema, "anamkimbia shemeji yake kwa ajili ya sindano!" Ndiyo maana humu ndani jina lako ni Bwana Sindano. Nilikuwa sijakwambia. Basi sasa unajua.

Mwezi wa pili, tukiwa mezani, Mama aligusagusa chakula tu. Akasema kwenye fungu hili kuna kioo kimoja kimemtisha, hajaona kibaya hivyo kwa miaka.

Baba akaweka kijiko chini. "Maskini. Ana watoto?"

"Nitajuaje? Ni namba tu."

"Sasa si umwambie mwenzio akifungue hicho kimoja? Mtu anakufa huko, ninyi mnalinda utaratibu!"

"Tukifungua kimoja kabla ya wakati, fungu zima linaharibika."

"Liharibike. Utafiti unaweza kuurudia mwakani. Yeye je?"

Mama akasema, "Haya, umeshinda." Baba alifurahi sana, maana kumshinda Mama kwa hoja si jambo la kila siku. Akaniminyia jicho. Akala chakula chake, akala na changu.

Kesho yake jioni Bwana Namba akaja nyumbani. Hakuwa amewahi kuja kwetu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na Baba akamkaribisha kwa kelele: "Leo umekuja kutubandika namba mpaka kwenye viti?" Hakucheka. Akamwomba Mama watoke nje mara moja. Mimi niliwaona kupitia dirishani. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaitikia tu, kama mtu anayeelekezwa njia na tayari amepotea. Halafu akakaa kwenye ngazi, na Bwana Namba naye, mrefu vile, akakaa pembeni yake.

Utajiuliza, mwalimu wa hesabu na gundi ya viatu, wapi na wapi? Mama naye aliuliza hivyohivyo. Ilinibidi nimwonyeshe kwa kidole.

Baba Mdogo, unajua shuleni wanamwitaje ndugu yako? Mwalimu Viraka. Mipira yote ya shule ikipasuka anaishona na kuibandika yeye, tangu aanze kazi pale. Kuna stoo nyuma ya madarasa, dirisha lake lilipigiliwa mbao kwa sababu ya wezi. Anajifungia humo baada ya masomo. Anauweka mpira sikioni kusikiliza unapovujia, kama daktari na kifua cha mtoto. Anautosa kwenye beseni kutafuta mapovu. Halafu anachovya kitambaa kwenye ile dawa, anasugua gundi ya zamani kwa mikono mitupu, anapaka mpya, anapuliza ili ikauke haraka. Nimekaa mle mara nyingi juu ya magodoro ya mazoezi nikifanya kazi zangu za shule. Harufu yake ni tamutamu. Kichwa kikiniuma ananiambia, "Toka nje upate hewa, mimi nimeshazoea."

Na dawa yenyewe inatoka kiwandani kulekule. Msimamizi mmoja, mzazi wa wanafunzi wawili, alileta debe kila mwaka kama shukrani kwa shule. Baba alimshukuru mbele ya mstari wa asubuhi, tukapiga makofi. Ni debe la mstari wa kijani. Debe kama hilohilo Mama analo maabara, ndani ya kabati linalonyonya hewa, na haligusi bila glavu.

Haikuwa siri. Mipira ilikuwa inalala sebuleni kwetu. Mama alikuwa anairuka asubuhi akiwahi kazini kutafuta watu wanaovuta gundi. Kila mfanyakazi wa kiwanda anamhoji kwa utaratibu: unashika nini, unafutia mikono nini, dirisha liko upande gani, una kazi gani ya pembeni. Watu safi nao lazima waulizwe hayohayo. Baba hakuulizwa. Mama alimjibia mwenyewe akiwa jikoni, mwiko mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, kwa sababu mume wake anamjua. Kazi: mwalimu. Kemikali anazogusa: chaki.

Nilimwuliza, siku ambayo nilipata ujasiri sijui wapi. "Mama, ni ile gundi?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Watu mia ningekwambia. Baba yako ni mmoja."

"Basi sema tu ndiyo. Hata kama si kweli kabisa."

"Mwanangu, ningeweza ningesema. Wallahi ningesema."

Nilimchukia. Nakuungamia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Siku mbili sikumsalimia vizuri. Nilijiambia, huyu mwanamke ameinama juu ya hadubini maisha yake yote, na leo mumewe yuko chini ya kile kioo, anasema sijui! Siku ya tatu nilimkuta chumbani, kwenye meza hii ninayoandikia, ametoa vioo vya Baba vya miaka yote iliyopita amevipanga kwa mwaka. Aliniita nichungulie. Akanionyesha palipoanza. Si mwaka huu. Ni miaka mitano nyuma, kidogo kidogo, kama ukuta unavyoanza kunyonya maji. Hakuona mapema kwa sababu alikuwa anawachanganya watu safi wote pamoja na kutafuta wastani wao, na Baba akazama ndani ya wastani.

Tena kuna ubaya mwingine hapo. Watu safi wakionekana hawako safi sana, watu wa kiwanda nao wanaonekana hawajaumia sana. Mama alipomweleza Baba hilo, Baba akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa wakili wa kiwanda, na hata jozi moja ya viatu hawakunipa?" Mama akacheka, Baba Mdogo. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha kicheko kikageuka, na Baba ndiye aliyemshika.

Sasa imebidi amtoe kwenye hesabu. Utaratibu ndio huo. Kwa watu safi hawezi kubaki, na kwa watu wa kiwanda hawezi kuingia kwa sababu hakuajiriwa pale. Mama ameandika barua kwa wote waliowahi kuchapisha utafiti wake kueleza kosa, kwa jina lake, bila kujitetea. Wapo watakaomcheka. Yule bwana wa miwani atafurahi. Hayo sikuyajali sana. Kilichoniuma ni kwamba Baba hayupo upande wowote. Anaumwa, na hahesabiwi popote.

Mimi nilipimwa, niko sawa. Nilikasirika kuwa sawa, ukiweza kunielewa.

Nimefika kwenye lile jambo. Mkono umeanza kulowa, unisamehe herufi zikikimbia.

Dawa anazopewa zinasukuma siku tu. Kinachoweza kumponya ni uboho wa mtu mwingine unaofanana na wake, na wa kufanana naye ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mtoto anafanana nusu, kwa sababu nusu nyingine ni ya mama yake. Nililijua hilo, lilishawahi kutoka hata kwenye mtihani nikalipata, na bado asubuhi ya kipimo nilifumba macho nikaomba niwe mzima mzima wa Baba. Hospitali yetu haifanyi kwa nusu. Shangazi hatunaye tena. Umebaki wewe.

Uwezekano ni mmoja kwa nne. Baba mwenyewe alinifundisha hesabu hizo nikiwa mdogo, kwa vifungo vinne ndani ya kofia, kimoja chekundu. "Ingiza mkono," alikuwa ananiambia, "usichungulie." Hakuna anayezijua kuliko yeye.

Na yeye ndiye aliyekataza usiambiwe.

Walibishana jikoni, saa ya chai. Mama alisema, "Ni ndugu yako!" Baba akasema, "Ndiyo maana. Huyo ukimwambia leo, kesho anaacha kazi anakuja. Akija, damu ikikataa, atarudi kwake na nini? Atajiona ameniua, na hajakosa kitu. Mimi yule niliachiwa nimlee. Sikuachiwa nimtwike mzigo." Mama akamwambia mzigo usingekuwa wake, ungekuwa wa bahati. Baba akasema mtu hawezi kuikasirikia bahati, anajikasirikia mwenyewe, na yeye anakujua ulivyo, uliwahi kulia wiki nzima kwa kuku aliyegongwa na baiskeli ya mtu mwingine. Halafu akamwomba Mama aahidi. Alikuwa amechoka, ameshika meza. Mama akaahidi. Bwana Namba alipokuja kuleta majibu, naye akaahidishwa palepale, amesimama.

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Hakuna aliyegeuka akaniambia na mimi niahidi.

Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka. Sijui kama nafanya vizuri. Sina ninachoweza, Baba Mdogo. Mama ana elimu yote ile na hawezi. Daktari hawezi. Bwana Namba analeta matunda, anayaweka mezani, anaondoka. Watoto wa shule bado wanaleta mipira kwetu, hawajui, wanairusha juu ya uzio wakipiga kelele, "Mwalimu Virakaaa!" Imejaa barazani, imesinyaa, imeegemea ukuta. Baba anaipita na kusema kesho. Nilijaribu kushona mmoja bila gundi, kwa sindano ya magunia. Ukavuja kila tundu.

Ninachoweza ni hiki tu, kukwambia.

Nimeulizia. Kipimo cha kwanza si lazima uje huku. Wanaweza kukupima hukohuko, hospitali yoyote kubwa, na wengine hawachukui hata damu. Wanapangusa ndani ya shavu kwa pamba. Pamba tu, Bwana Sindano! Waambie ni kipimo cha kulinganisha uboho wa ndugu. Majibu ya Baba nimeyanakili kwenye karatasi ya pili, yalikuwa juu ya meza hii, walinganishe. Ikifanana, sindano itakuja, hiyo sikudanganyi, na ni kubwa. Ndipo utampigia Baba umwambie mwenyewe, agombe akichoka anyamaze.

Ikikataa, usimwambie. Wala Mama. Niandikie mimi. Baba hatajua kwamba uliwahi kuingiza mkono kwenye kofia, kwa hiyo hatakuwa na la kukuhurumia. Utabaki nalo wewe na mimi. Sijui kubeba vitu vizito, lakini nitashika upande mmoja, na kila ukitaka kulia nipigie, nitakuuliza kama mvua inanyesha.

Ukiona huwezi hata pamba, pia niandikie. Nitaumia, sitakuchukia. Siku mbili, labda.

Barua hii nitampa Bwana Namba, kesho anapeleka sampuli posta. Ameahidi kutokukwambia. Kubeba bahasha hakuahidi.

Nisalimie sana Mama Mdogo, mwambie zile soksi alizonitumia ninazo, ninalalia. Mbusu Kifungo kwenye paji la uso, mwambie ana dada. Msalimie na yule jirani yenu mzee anayekufundisha kuendesha gari, natumaini bado yuko hai.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini wamerudi. Nimesikia Baba anapanda ngazi, na leo hakusimama katikati. Amechungulia mlangoni, amepata rangi, anauliza, "Kimya, unaandika nini muda wote huu?"

Nikasema kazi ya shule.

"Somo gani?"

"Hesabu."

"Za nini?"

"Uwezekano."

Macho yakamng'aa kama ya zamani. Akavuta kiti. "Lete nikuangalizie."

Nimefunika karatasi kwa kiwiko, nikamwambia asubiri, bado sijapata jibu. Akasema haya, lakini nisikae nalo peke yangu. Amekwenda kuosha mikono.

Mungu akutunze, Baba Mdogo, akutunzie na damu yako, popote itakapofaa.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kusema kwa simu,
Kimya